Mbele ya 30 Juni 1960: nani alikuwa ametayarishwa?



Kila mwaka tukikaribia tarehe 30 Juni, kuna hesabu moja inarudi mu mazungumzo yetu: siku ya uhuru, watu wenye diploma ya universite katika Congo nzima hawakufika 30. Wengine wanasema 16, wengine 17, inategemea unahesabu nani. Tunaisema kwa uchungu, kisha tunapita. Mimi ile hesabu imenichosha kidogo. Haiko ya uongo, lakini inatufanya tuone inchi nzima kama kitu kimoja, kama vile milango yote ilifungwa namna moja. Haikuwa vile. Ile siku ilikuta nyumba mbalimbali katika hali mbalimbali. Kuna nyumba iliyokuwa na watu wake tayari, kuna iliyokuwa na watu nusu njiani, na kuna ambayo haikuwa na mtu hata mmoja kwenye kiti cha juu. Na mambo yaliyofuata hayakuwa sawa kwa zile nyumba. Njo nataka tuongelee leo.

Nianze na nyumba ya kazi yangu, kilimo.

INEAC iliundwa tarehe 22 Desemba 1933. Makao yake makuu huku kwetu yalikuwa Yangambi, pembeni ya mto Congo, karibu kilomita 100 chini ya Kisangani, wakati ule Stanleyville. Kutoka pale walieneza vituo inchi nzima: Mulungu huku Kivu kwa kahawa, chai na kinkina, Gandajika kwa pamba na mahindi, M'vuazi kule Bas-Congo kwa muhogo na matunda, Bambesa kwa pamba ya Uele, Nioka mu milima ya Ituri, Keyberg pembeni ya Lubumbashi. Mtu akikuambia ilikuwa moja ya taasisi kubwa za utafiti wa kilimo katika inchi zote za joto, hakudanganyi.

Nikamate kazi moja tu ya Yangambi, mti wa mawese. Wale hawakusoma agronomi wanivumilie, itakuwa fupi. Kuna mti wa mawese unaoitwa dura, kokwa yake iko na ganda nene. Kuna pisifera, haina ganda, lakini mara nyingi mti wake wa kike hauzai. Katikati kuna tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Watu walikuwa wanapanda mbegu za tenera wakitumaini kupata tenera, na kila mara shamba linatoka mchanganyiko. Pale Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichanganya wale wawili unapata tenera yote. Ukichanganya tenera kwa tenera, robo inarudi dura, robo inarudi pisifera, nusu tu njo inabaki tenera. Siku hizi mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya ile elimu iliyotoka ku mto wetu. Na sisi tunanunua mafuta ya mawese kutoka inje. Lakini ile ni kilio cha siku ingine.

Kitu ninachotaka muone ni namna ile kazi inafanyika kwa mikono. Unafunga ua la kike ndani ya mfuko mbele halijafunguka. Unakusanya unga wa ua la kiume kutoka mti mwingine. Siku yake ikifika, unalipulizia ule unga, na unaandika mu daftari: mama namba fulani, baba namba fulani, tarehe fulani. Kisha miezi 5 au 6 mkungu unaiva. Unapanda mbegu, na ili ujue kama ule uzao ni muzuri unangojea miaka 10 na zaidi. Donc mtu anayeanza ile kazi anahitaji mtu wa kuimaliza. Daftari likipotea, ao likibaki na hakuna anayejua kulisoma, miti iko pale, mikubwa, mizuri, lakini haina tena baba wala mama. Inakuwa pori tu lenye mistari.

Sasa uliza: katika Yangambi ya mwaka 1959, nani alikuwa anapanda juu ya ule mti na mfuko? Wakongomani. Nani alikuwa anajua kila mstari wa shamba? Wakongomani. Walikuwa na makarani, wamonitere, maasistanti wa kilimo. Kule Kisantu, CADULAC ya universite ya Louvain ilikuwa inafundisha maasistanti wa kilimo tangu 1932. Lakini ngazi ilikatwa pale. Kuchagua baba gani na mama gani, kuamua swali la utafiti, kuandika, kutia sahihi, kuomba makuta Bruxelles, hayo yote yalikuwa ya Wazungu. Asistanti angeweza kutumika miaka 20, akajua mengi kuliko kijana aliyetoka Gembloux juzi, na bado yule kijana njo mkubwa wake.

Nimepita staje ku kituo kimoja (jina lake nalibakisha). Palikuwa mzee mmoja wa shamba, hana diploma, ambaye alikuwa anatembea kati ya mistari ya kahawa akitaja namba za aina bila kuangalia karatasi. Babake alitumika pale pale mbele yake. Tulimwuliza kwa nini aina fulani ilichaguliwa na ingine ikatupwa. Akacheka, akasema: "Ile walikuwa wanasemea mu biro." Familia nzima miaka zaidi ya 50 ndani ya ile taasisi, na mlango wa biro hawakuuvuka. Sijui maneno mengine yanayoweza kueleza 1960 vizuri kuliko yale.

Turudi ku tarehe. Desemba 1955, mwalimu mmoja Mbelgiji, Jef van Bilsen, alitoa mpango wake wa miaka 30 wa kupeleka Congo ku uhuru. Kwa Kifaransa ulitoka mwaka 1956. Miaka 30! Maana yake tungekuwa huru karibu 1985. Na kule Ubelgiji watu walikasirika, wakamwita mtu wa hatari, sababu kwao ile ilikuwa mbio sana. Lakini somo lake halikuwa ku ile namba 30. Alikuwa anasema: kama leo hatuna waganga, mainjenia na wakubwa wa serkali Wakongomani, ni kwa sababu hatukuwaanza, na mtu anayeanzwa leo atatoka kisha miaka mingi. Lovanium ilikuwa imefunguliwa 1954 tu. Universite ya Élisabethville ilifuata mwaka 1956. Januari 1959 Léopoldville ikawaka moto. Januari na Februari 1960 wakubwa walikaa Bruxelles ku meza ya duara, wakatoka na tarehe ya Juni. Miaka 30 imekuwa minne na nusu. Katika kazi za juu za serkali, vyeo karibu elfu tano, Wakongomani walikuwa watatu.

Juu ya jeshi nitapita haraka, wote mnajua. Force Publique: askari karibu 25.000, maofisa Wazungu karibu elfu moja, ofisa Mkongomani hakuna. Mkongomani wa juu kabisa alikuwa ajida. Tarehe 5 Julai generali Janssens akaandika ku ubao, mbele ya askari, kwamba mbele ya uhuru ni sawa na kisha uhuru. Saa chache tu, kambi ya Thysville imepasuka. Serkali ikatafuta wakubwa kwa siku tatu kitu ambacho kilipashwa kutafutwa kwa miaka 20. Victor Lundula, aliyekuwa burgumestre kule Jadotville na zamani aliwahi kuwa sajini, akawa generali. Mobutu, aliyeacha jeshi mwaka 1956 akiwa sajini na kuingia mu kazi ya magazeti, akawa kolonel. Kila askari alipandishwa cheo kimoja. Fikirini: unatibu ukosefu wa maofisa kwa kumpa kila mtu galoni. Tarehe 10 Wabelgiji wakaingiza askari wao, tarehe 11 Katanga ikajitenga.

Sasa angalieni nyumba ingine, iliyokuwa ndani ya inchi ile ile, chini ya wakoloni wale wale.

Kule Tanganyika, mu misioni ya Mpala, wapadri weupe walianza kufundisha watoto wachache Kilatini. Mmoja wao alikuwa Stefano Kaoze, Mutabwa wa milima ya Marungu. Alipita Mpala, akapita Lusaka (ile ya huku kwetu karibu na Moba, hapana ya Zambia), akapita seminari kubwa, filozofia, teolojia, yote. Masomo yalimkamata zaidi ya miaka 15. Mgr Roelens alimbariki kuwa padri kule Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917. Mbele ya ile, alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa juu ya mawazo ya Wabantu, na maandiko yake njo yanahesabiwa ya kwanza ya Mkongomani kutoka katika ile lugha.

Mnaona mwaka? 1917. Miaka 43 mbele ya uhuru. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa anaongelea uhuru hata kwa ndoto. Hakuna msukosuko uliokuwa unalazimisha Roelens. Tena Roelens hakuwa mtu wa siasa ya kutupenda sana, tusimfanye malaika. Alikuwa mkoloni wa wakati wake. Lakini kanisa lilikuwa na hesabu yake rahisi: wamisionere ni wachache, wanakufa na homa, wanazeeka, na bila padri wa hapa kazi itakufa nao. Roma nayo ilikuwa inasukuma; mwaka 1919 papa Benedikto wa 15 aliandika wazi kwamba misioni zipashwe kutayarisha mapadri wa wenyeji kwa kila kazi, si kwa kuwa wasaidizi wa milele.

Na hapa kuna kitu ambacho kwangu njo kiini cha hii historia yote. Kaoze hakupewa upadri wa nusu. Hawakubuni cheo cha "asistanti wa padri". Alisoma vitabu vile vile, akapokea sakramenti ile ile, na misa yake ilikuwa misa kamili. Mzungu aliyetaka kuungama angeweza kupiga magoti mbele yake. Katika Congo ya 1917, ni wapi kwingine mtu mweusi alikuwa na kazi ambayo Mzungu hawezi kusema "hiyo yako ni ya chini ya yangu"? Mimi sioni.

Kisha Kaoze zikaendelea seminari za Baudouinville, Kabwe kule Kasai, Mayidi kule Bas-Congo. Si wote waliofika mwisho. Wengi walitoka njiani, na hata wale walisaidia inchi: Joseph Kasa-Vubu, rais wetu wa kwanza, alipita seminari kubwa ya Kabwe. Ngazi ikiwa kamili, hata wanaoshuka katikati wanabaki na kitu.

Nisiwasifu kupita kiasi. Kutoka padri wa kwanza mpaka askofu wa kwanza Mkongomani, Pierre Kimbondo, ilipita miaka 39: alipewa uaskofu mwaka 1956 tu. Wamisionere wengi walikuwa wanapenda mapadri weusi, ila chini yao. Lakini 1960 ilipofika, kulikuwa mapadri Wakongomani kwa mamia, na maaskofu walikuwa wameanza. Malula alikuwa askofu msaidizi wa Léopoldville tangu 1959.

Ikafika mitihani. Januari 1962 waliuawa wamisionere 20 kule Kongolo. Mwaka 1964 waasi wa Simba walishika Stanleyville; askofu Wittebols wa Wamba aliuawa mwezi wa Novemba, na tarehe 1 Desemba kule Isiro mtawa wetu Anuarite. Wamisionere wengi walikufa ao walikimbia. Parokia nyingi zilibaki mikononi mwa mapadri, watawa na wakatekista wa hapa, na hazikufa. Mwaka ule ule wa 1964 Malula akawa askofu mkuu wa Léopoldville. Na mwaka 1972, Mobutu alipogombana na kanisa juu ya majina ya ubatizo na mambo ya authenticité, Malula, kardinali tangu 1969, akapelekwa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa, akarudi. Mobutu alimtukana vyote, lakini kumwambia rudi kwenu Ubelgiji hakuweza. Fikiria kama mwaka ule kiti cha Kinshasa kingekuwa bado na Mfleming.

Katikati ya jeshi na kanisa kuna nyumba ya tatu, ile ya waganga, na hii wanahistoria wa mitaani wanaisahau. Siku ya uhuru daktari Mkongomani hakuwako. Lakini walikuwako maasistanti medikali, waliosoma Kisantu ku FOMULAC ao Léopoldville. Masomo yao yalikuwa marefu na magumu; walikuwa wanapasua, wanazalisha, wanaongoza hospitali za pembeni peke yao. Walikosa kipande cha mwisho tu, na jina. Wabelgiji walipokimbia, OMS ilifanya kitu cha akili: ilikamata maasistanti makumi na makumi, ikawatuma Ufaransa wamalize. Kisha miaka michache tu, wa kwanza wakarudi madaktari kamili. Mtu aliyepandishwa ngazi mpaka karibu na juu, unaweza kummalizia haraka. Yule aliyeachwa chini, hata ukimpa cheo leo, kazi itamshinda, na lawama itakuwa yake wakati haikuwa yake.

Yangambi ilikosa ile bahati. Watafiti Wazungu wengi waliondoka, Ubelgiji ikafunga INEAC mwaka 1962, vita vya 1964 vikapita kule kule. Mwaka 1970 taasisi ikapata jina la INERA. Mwaka 1973 fakilte ya agronomi ikahamishiwa Yangambi, ile tunayoita IFA. Walijaribu kujaza viti. Lakini mawili ya kushangaza yalibaki. La kwanza ni erbaryumu: sampuli za mimea karibu 150.000, ambazo watu wa pale walizichunga miaka yote ile ya vita na ya mishahara isiyofika. La pili ni madaftari ambamo walikuwa wanaandika ni lini kila mti wa pori unachanua, unazaa, unapukutisha majani. Yanaanza 1937, yanafika 1958. Watafiti wa siku hizi wamelazimika kuyapiga picha na kuomba watu wa dunia nzima wasaidie kuyasoma mstari kwa mstari ili yaingie ku kompyuta.

Mwenzangu mmoja wa promosyo alinijibu: "Hata kama wangetayarisha watu, uhuru ungeharibika tu, sababu madini, sababu Wamarekani na Warusi." Pengine. Sisemi agronomu 20 Wakongomani wangezuia Katanga isijitenge. Lakini wangezuia kitu kidogo ambacho kwa mkulima ni kikubwa: mbegu nzuri ya Gandajika ao Mulungu isikose mwenye kuizalisha mwaka ujao. Vita vinapita, msimu wa kupanda haungoji.

Na wale wanaosema "Wabelgiji walifanya makusudi", sawa, sehemu kubwa ni makusudi. Wao wenyewe walikuwa na siasa ya kupanua shule za chini kwanza na kufunga za juu. Tatizo langu ni kwamba Wabelgiji wameondoka miaka zaidi ya 60, na ile tabia ya kukata ngazi imebaki na wenyewe ni sisi. Tunamjua profesa ambaye asistanti wake ni "asistanti" miaka 18, anasahihisha karatasi zote na hajawahi kuachiwa somo. Tunamjua mkubwa wa kooperative ya kahawa ambaye yeye peke yake njo anajua namba ya mnunuzi wa inje. Tunazijua ONG ambazo siku mkubwa amepanda ndege, hata funguo ya stoki haipatikani. Huku mashariki hatuhitaji kuambiwa kwamba shida inaweza kufika kesho asubuhi. Watu wanalala mu mji mmoja wanaamka mu mji mwingine, wakubwa wamekimbia na simu zimezimwa. Nani anabaki na haki ya kutia sahihi?

Kwa hiyo ku mkutano mkuu ujao wa shirika letu nitaleta pendekezo, na naliandika hapa mbele ili watu waliwaze. Kila mwenye kiti, kuanzia rais mpaka mtunza makuta, awe na msaidizi wa chini ya miaka 25. Huyo msaidizi kwa mwaka anaongoza mikutano miwili peke yake, mkubwa wake akiwa hayupo ndani ya chumba. Sahihi yake iwe ku benki. Daftari la wanamemba liwe na nakala mbili, mu miji miwili. Na mkubwa akimaliza muda wake, aulizwe kwanza nani amemfundisha, mbele ya kuulizwa makuta yalienda wapi. Yaya mmoja wa komite amekwisha kuniambia kwamba vijana wa mwaka wa pili bado hawajakomaa kwa benki. Kaoze pia alianza na watoto wa Kilatini. Mwenye pendekezo bora alilete, ila asituambie tungojee uchaguzi.